Afya na Maisha ya Nyumbani: Kifua cha Mama na Siha Yake Utu Uzimani



Mwezi uliopita tuliletewa barua na kijana mmoja wa hapa Tabora, imefungwa barabara, na juu ya bahasha imeandikwa: "Isomwe na mtu mmoja tu." Mwenye barua ni mama yake. Tuliisoma, kisha tukampelekea salamu na kumwomba ruhusa ya kujibu hadharani bila kumtaja jina wala mtaa. Naye akajibu kwa maneno ya busara: "Jibuni. Nilidhani haya ni yangu peke yangu, lakini nilipowauliza jirani zangu wawili, nimeona sote tumekaa na swali moja kila mtu chumbani mwake."

Mama huyu ana umri wa miaka 53, amezaa watoto saba na kuwanyonyesha wote, na hedhi yake imekoma miaka mitatu sasa. Tangu usichana wake amekuwa na kifua kikubwa. Asema kwamba siku hizi mabega na shingo vyamuuma kutwa, mikanda ya sidiria imemchimba mabegani hata imeacha alama, na wakati wa joto ngozi iliyo chini ya matiti huwasha na kutoka vidonda. Kuinuka kutoka sijida kumekuwa kazi. Ameacha kutembea kwenda sokoni kwa sababu ya uzito, na pia kwa sababu ya maneno ya watu. Mama mkwe wake humwambia kwamba hiyo ni neema na mwenye neema halalamiki.

Tena nyumbani kwake wamo wengine wawili wenye mashaka ya namna nyingine. Ndugu yake wa kike, mwenye kifua kidogo, hukataa kabisa kwenda kupimwa, akisema, "Saratani ni ya wenye matiti makubwa, mimi sina cha kushikwa." Na binti yake, aliyejifungua mwana wa kwanza siku 40 zilizopita, ameambiwa na wakwe zake kwamba matiti yake ni madogo, maziwa hayatatosha, hivyo mtoto aanzishwe uji. Mama auliza: Je, ukubwa wa matiti ndio unaoamua afya ya mwanamke hata uzeeni mwake?

Hili ni swali la watu wengi, na katika nyumba hii moja limewagusa wanawake watatu, nao wote watatu wamo hatarini kwa kuambiwa lisilo kweli. Kwa hiyo tutalijibu kwa urefu. Tutatumia neno "matiti" waziwazi, kwa kuwa ndilo litumikalo kliniki, na kwa kuwa kutaja kiungo kwa nia ya kukiponya si utovu wa adabu.

Titi limeumbwaje

Yafaa kwanza tujue titi ni kitu gani. Ndani yake mna sehemu kuu tatu: tezi zinazotengeneza maziwa pamoja na mirija yake, mafuta yanayozizunguka tezi hizo, na nyuzi zinazolishikilia titi lote kwenye kifua. Wataalamu wengi huziita nyuzi hizo kwa jina la daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840.

Tofauti kubwa kati ya kifua kikubwa na kidogo hutokana zaidi na kiasi cha mafuta, wala si wingi wa tezi. Ukubwa huo kwa sehemu ni urithi wa ukoo, na kwa sehemu hufuata unene wa mwili mzima. Hedhi inapokoma, mwili hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni, tezi za maziwa husinyaa, na mahali pake hushikwa na mafuta. Nyuzi nazo hulegea. Ndiyo sababu mama aliyefika umri wa makamo huona kifua chake kimelala, na akinenepa, humkuta kimekuwa kizito kuliko zamani. Hayo ni mabadiliko ya kawaida ya umri kama mvi, wala si ugonjwa.

Jibu la binti

Tuanze na binti, kwa kuwa jambo lake ni la leo na kesho. Maziwa hutengenezwa na tezi, nayo mafuta hayana kazi katika kuyatengeneza. Mama mwenye titi dogo huweza kuweka akiba ndogo kwa wakati mmoja, hivyo huenda mtoto wake akataka kunyonya mara nyingi zaidi. Lakini kwa usiku na mchana mzima humpatia mtoto wake maziwa ya kutosha kama mwenye titi kubwa. Kadiri mtoto anyonyavyo ndivyo mwili utengenezavyo. Ukimpa uji, atanyonya kidogo, akinyonya kidogo, maziwa yatapungua kweli, kisha watu watasema, "Si tuliwaambia?"

Alama za kutosheka zatazamwa kwa mtoto mwenyewe. Baada ya juma la kwanza, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa usiku na mchana, na uzito wake hupanda kwenye kadi ya kliniki. Ikiwa hayo yapo, basi hana haja ya uji wala maji mpaka atimize miezi sita. Ikiwa hayapo, mama na apelekwe kliniki atazamwe jinsi anavyomweka mtoto kifuani, kabla ya mtu yeyote kulaumu umbile lake.

Wako pia vijana wa kike wanaoogopa kunyonyesha wasije wakapoteza umbo la kifua. Daktari Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alilichunguza jambo hili na kutoa matokeo yake mwaka 2008. Aliona kwamba kinacholegeza matiti ni umri, idadi ya mimba, unene, ukubwa wa matiti yenyewe kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza chochote juu ya hayo. Basi anayemnyima mtoto titi kwa hofu hiyo ampunja mtoto haki yake, naye mwenyewe hapati faida aliyoitafuta. Sote twajua kwamba katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, umetajwa muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Na kama tutakavyoona, muda huo una heri kwa mama pia.

Mzigo usiotuliwa

Sasa twende kwa mama mwenyewe. Mji wetu wa Tabora unajua habari za mizigo kuliko miji mingi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia ya kutoka pwani imekwisha kanyagwa na nyayo za wapagazi. Mpagazi alibeba kiasi cha ratili 60 hadi 70, yaani takriban kilo 30, siku baada ya siku. Wazee walijua kwamba mzigo uliofungwa vibaya, unaoning'inia na kumvuta mtu mbele, humchosha kuliko mzigo mzito uliokaa sawa. Hata hivyo mpagazi alikuwa na nafuu moja: jioni ikifika, aliutua.

Mwanamke mwenye kifua kizito hana pa kutua. Matiti makubwa sana huweza kufikia uzito wa kilo kadhaa yakiwekwa pamoja, na uzito huo wote uko mbele ya mwili. Ili asianguke mbele, misuli ya shingo na mgongo hukaza muda wote. Mabega huinama, kichwa hutangulia, na baada ya miaka mingi maumivu huwa ya kila siku, pengine pamoja na kuumwa kichwa. Baada ya hedhi kukoma mifupa nayo huanza kupungua nguvu, na uti wa mgongo ambao ulivumilia ujanani huanza kushindwa. Kwa hiyo, mama yetu, maumivu yako ni ya kweli. Kushukuru neema hakumzuii mtu kutafuta nafuu, kama vile mwenye shamba kubwa anavyoruhusiwa kusema kwamba mgongo wamuuma.

Nafuu zipo, nazo twazitaja kwa kufuata wepesi wake.

Kwanza, sidiria. Wanawake wengi huvaa iliyo kubwa mno kiunoni mwa kifua na kuukaza mkanda wa bega ili kufidia. Hilo ni kosa. Uzito wapasa ubebwe zaidi na utepe unaozunguka kifua, ambao ukae sawa nyuma na mbele bila kupanda mgongoni. Mikanda ya mabega iwe mipana, na vidole viwili viweze kupita chini yake. Fundi cherehani hodari aweza kuipanua mikanda hiyo kwa kitambaa kwa gharama ndogo. Haya husaidia wengi, ijapokuwa si wote.

Pili, ngozi. Sehemu iliyo chini ya titi ioshwe kila siku, ikaushwe kabisa kwa kitambaa laini, na katika joto pawekwe kitambaa safi cha pamba kinachobadilishwa kinapolowa jasho. Ikiwa ngozi ni nyekundu, yatoa majimaji au harufu, huenda ni fangasi, na dawa yake iko zahanati. Vidonda vya namna hii vikirudi mara kwa mara, mama apime sukari, kwa kuwa kisukari huvilisha vidonda hivyo.

Tatu, mwili wenyewe. Kutembea kila siku asubuhi mapema au alasiri jua likipoa, na mazoezi mepesi ya kuunyoosha mgongo na kuyavuta mabega nyuma, huipa misuli nguvu ya kubeba. Ukipungua uzito wa mwili, na matiti aghalabu hupungua. Wala asione vibaya kuswali akiwa ameketi siku ambazo maumivu yamezidi. Dini yetu imetoa ruhusa hiyo kwa asiyeweza kusimama.

Nne, upasuaji. Ikiwa yote yamefanywa na maumivu yamebaki, hospitali kubwa za rufaa zina wapasuaji wanaoweza kupunguza matiti, na wanawake wengi waliotendewa hivyo kwa sababu ya maumivu wamepata nafuu kubwa. Wako watakaouliza: Je, huko si kubadili maumbile? Wanazuoni wengi wa zama hizi wametofautisha kati ya kubadili umbo kwa kutafuta uzuri na kuondoa dhara. Anayetaka kufanya hivyo na amwulize mwanachuoni anayemwamini, akimweleza maumivu yake yalivyo.

Kifua kikubwa na kisukari

Kuna jambo lingine ambalo mama hakuliuliza, nalo lafaa lijulikane. Mwaka 2008 Daktari Joel Ray wa Toronto, Kanada, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wauguzi 92,106 wa Marekani. Waliulizwa ukubwa wa matiti yao walipokuwa na miaka 20, kisha wakafuatwa kwa miaka mingi. Wale waliokuwa na matiti makubwa zaidi walipatwa na kisukari cha utu uzimani mara nyingi zaidi, hata baada ya kuhesabu unene wao.

Tahadhari, ndugu msomaji: matokeo hayo hayasemi kwamba titi huleta kisukari. Huenda vyote viwili ni matunda ya mti mmoja, yaani namna mwili unavyohifadhi mafuta tangu ujana. Faida yake kwetu ni hii, kwamba mama mwenye kifua kikubwa ana sababu moja zaidi ya kupima sukari na shinikizo la damu kila mwaka, na kupunguza soda, chai ya sukari nyingi na vyakula vya kukaangwa. Hilo ni bora kuliko kukaa akihuzunikia umbo lake.

Saratani haina kipimo cha sidiria

Sasa twafika kwa ndugu yake, asemaye kwamba mwenye kifua kidogo yuko salama. Hapa naomba niache kusema kwa wingi, niseme kwa nafsi yangu.

Nilikuwa na shangazi ambaye kifua chake kilikuwa kidogo kama cha msichana, hata uzeeni. Siku moja akioga alishika kitu kigumu, kidogo kama punje ya karanga, pembeni ya titi la kushoto. Hakikumuuma. Hakumwambia mume wake, wala binti zake, wala mimi. Alikaa nacho zaidi ya mwaka mmoja chini ya kanga yake, akipika, akihudhuria maulidi, akitulelea watoto wetu. Tulipokuja kujua, ngozi ilikuwa imevutwa ndani na kwapani mlikuwa na vivimbe. Tulipanda naye treni kwenda Dar es Salaam. Alitibiwa, akapata siku nyingine za kuishi nasi, kisha akatuacha. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Kama lingaliniuma ningalisema. Tena nilidhani ugonjwa huo si wa watu kama mimi." Neno hilo sijalisahau, na ndilo lililonifanya niijibu barua hii.

Basi ndugu wa mama yetu asikie. Saratani ya matiti huanzia aghalabu katika mirija na tezi za maziwa, nazo kila mwanamke anazo, awe na kifua kikubwa au kidogo. Hata wanaume wana mirija kidogo, na katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, mmoja au chini ya hapo ni mwanamume. Wako wataalamu waliochunguza kama ukubwa wa matiti wenyewe huongeza hatari, na majibu yao hayakupatana. Yanayojulikana kwa hakika kuongeza hatari ni mengine: umri kuzidi, mama, dada au binti kuwahi kuugua, kuvunja ungo mapema sana au hedhi kuchelewa kukoma, kutozaa, pombe, na unene baada ya hedhi kukoma. Sababu ya hilo la mwisho ni kwamba hedhi ikikoma, mafuta ya mwili huwa ndiyo yanayotengeneza estrojeni, nayo huweza kuichochea saratani.

Kuna pia jambo liitwalo msongamano wa titi. Katika picha ya eksirei ya matiti, mafuta huonekana meusi, na tezi na nyuzi huonekana nyeupe. Mwanamke ambaye titi lake limejaa tezi na nyuzi kuliko mafuta ana hatari zaidi, na uvimbe ambao nao ni mweupe hujificha humo. Msongamano huo hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono, na titi dogo laweza kuwa nao kuliko kubwa. Kwa upande mwingine, katika titi kubwa uvimbe ulio ndani sana huweza kuchelewa kushikika. Kwa hiyo hakuna kati ya hawa ndugu wawili mwenye haki ya kujiona salama kwa kujitazama kwenye kioo.

Ama heri ya kunyonyesha niliyoitaja ni hii. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya chunguzi 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake zaidi ya 50,000 waliougua saratani ya matiti na karibu 97,000 wasiougua. Waliona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa kiasi cha 4.3 kwa mia, na kila uzazi hupunguza kwa 7 kwa mia. Hiyo si kinga kamili, kwani wako walionyonyesha watoto wengi na wakaugua. Lakini ni fungu la heri ambalo binti aweza kulichuma sasa, na faida yake akaiona atakapokuwa na umri wa mama yake.

Kuwahi na kuchelewa

Katika nchi yetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Ubaya wa kuchelewa haukujulikana leo. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Cordoba aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha upasuaji kwamba saratani iliyo changa na ndogo, mahali panapokatika kama titi, yaweza kuondolewa; ama ile iliyokua na kukaa sana, yeye mwenyewe hakuwahi kuiponya hata moja. Leo dawa ni nyingi kuliko zamani zake, lakini kanuni yake ingali ile ile. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba mwanamke anayefika hospitali na dalili afahamishwe ugonjwa wake ndani ya siku 60.

Dalili za kutazama ni hizi: uvimbe au ugumu mpya katika titi au kwapani, hata kama hauumi, titi moja kubadilika ukubwa au umbo, ngozi kuvutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, damu au majimaji kutoka kwenye chuchu, na kidonda kisichopona. Vivimbe vingi havitokei kuwa saratani. Lakini hapana awezaye kupambanua kwa kukisia, wala mganga wa mizizi, wala jirani mwenye huruma. Hupambanuliwa kwa kupimwa, na mara nyingi kwa kutolewa kipande kidogo cha nyama kikatazamwe kwa hadubini.

Mtu asiseme kwamba kwa kuwa mashine ya eksirei iko mbali, basi hapana la kufanya. Mjini Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998, wanawake zaidi ya 150,000 walishirikishwa katika uchunguzi mmoja, nusu yao wakipimwa matiti kwa mikono ya wanawake waliofunzwa kazi hiyo, kila baada ya miaka miwili. Matokeo yalipotolewa mwaka 2021, ilionekana kwamba kwa waliopita miaka 50, vifo vya ugonjwa huu vilipungua kwa karibu 30 katika kila 100. Mkono uliofunzwa ni chombo kikubwa. Aanzaye na aanze katika kituo cha afya kilicho karibu; kutoka hapo ataelekezwa Hospitali ya Kitete, na ikilazimu ataelekezwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambako tiba ya saratani hutolewa.

Haya na wajibu

Najua kizuizi kikubwa si njia, wala nauli peke yake. Ni haya. Na haya ni pambo la Mwislamu. Lakini Mtume s.a.w. alihimiza watu wajitibu, na akafundisha kwamba kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyateremshia dawa. Katika zama zake Bibi Rufaida aliwauguza majeruhi katika hema lililosimamishwa msikitini Madina. Wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura ya tiba huruhusu kufunuliwa kile kinachohitajiwa, kwa kiasi kinachohitajiwa. Mwanamke na aombe kupimwa na daktari au muuguzi wa kike. Akikosekana, apimwe na mwanamume hali mume wake au ndugu yake yupo. Kuificha maradhi mpaka imwangamize mtu si katika haya tuliyoamrishwa.

Nanyi waume, sehemu yenu si ndogo. Mke hawezi kusema habari ya mwili wake katika nyumba ambamo mwili huo hufanyiwa mzaha, ukisifiwa leo na kudharauliwa kesho. Mwulize mkeo anavyojisikia, mpunguzie ndoo na kuni, mpe nauli kabla hajaomba, na umsindikize. Shangazi yangu alikuwa na mume mwema. Lakini mazungumzo hayo hayakuwahi kufunguliwa kati yao, na alipokuwa tayari kuyafungua, muda ulikuwa umepita.

Basi, mama yetu, haya ndiyo majibu kwa ufupi. Ukubwa wa matiti hauamui maziwa ya mtoto, wala hauamui nani atapata saratani na nani atasalimika. Huweza kuwa mzigo kwa mgongo, shingo na ngozi, na mzigo huo unatibika. Wewe nenda kapime sukari na umweleze daktari habari ya mabega yako bila kupunguza neno. Binti yako na aendelee kunyonyesha, na uji ungoje miezi sita. Na ndugu yako, mshike mkono mwende pamoja siku hiyo hiyo, ukimwambia kwamba amesomewa habari za mwanamke mmoja mwenye kifua kama chake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo mama aweza kusema panapomuuma akasikilizwa. Amin.